Kijani Kilichohamia Kisimani

Wapo wanaume wanaopenda pombe, wapo wanaopenda wanawake, na wapo wanaopenda kukaa barazani kusema watu. Shaban Nassibu alipenda usafi. Kwa miaka ishirini na miwili alifagia stesheni ya Tabora na kutunza maua yake, tangu enzi za Mwingereza mpaka bendera ikabadilishwa, na katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyewahi kukanyaga jani kavu mahali Shaban alipopita. Mawe ya kuzungushia maua aliyapaka chokaa kila Ijumaa asubuhi. Udongo wa chini ya maua aliufagia. Ndiyo, udongo. Aliyemwuliza udongo unafagiwaje alitazamwa kwa huruma, kisha Shaban akaendelea na kazi yake.

Mwaka 1972 alistaafu. Wakubwa wake walimpa mkono wa heri, naye akaondoka na koti lake la kazi, la buluu, lenye vifungo vya shaba, ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumdai. Mkewe, Mwanne, kwa baba alikuwa mtoto wa mjini, binti wa fundi cherehani, lakini kwa mama alikuwa Mnyamwezi wa Mtakuja, kijiji cha ujamaa kilichokuwa ndiyo kwanza kimeanzishwa upande wa Isikizya. Huko alibaki mama yake mdogo, Koleta, mjane wa miaka sabini asiye na mtu wa kumchotea maji. Mwanne akasema twende. Shaban akafunga virago viwili, akafunga na ufagio wake, wakaenda.

Pale Mtakuja kila mgeni aliulizwa anajua kazi gani. Waliotaka mahindi walikuwa wengi, waliotaka tumbaku walikuwa wengi zaidi. Shaban alisema yeye ni mtu wa bustani. Mwenyekiti Kashindye, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alifurahi kusikia hivyo, kwa kuwa kijiji kilikuwa na bonde zuri lenye kisima cha wazi na hakuna aliyetaka kuhangaika nalo. Basi Shaban akafanywa msimamizi. Yakalimwa matuta arobaini ya kabichi, yakagawiwa kwa kaya, kila mmoja atunze yake chini ya jicho la Shaban. Koleta, aliyechelewa kufika siku ya ugawaji, aliangukia manne ya pembeni kabisa, mbali na maji, penye kokoto. Hakulalamika. Alichukua jembe lake akaanza.

Misimu miwili ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ardhi ilikuwa haijaguswa, na kabichi zilijaa mpaka mtoto akashindwa kubeba mbili. Nyingine zililiwa pale kijijini, nyingine zilikwenda zahanati, na zilizobaki zilipandishwa mkokoteni mpaka sokoni Tabora, ambako wanawake wa mtaa wa Gongoni walizigonga kwa vidole na kusema hizi ni kabichi za watu wanaojua kazi. Mwanne aliponenepa kidogo, Shaban alijigamba kwamba ni bustani yake hiyo.

Lakini kazi aliyoipenda hasa ilianza Oktoba, kabichi ya mwisho ikishakatwa. Hapo ndipo Shaban alipokuwa Shaban. Mashina yote yaling'olewa na mizizi yake. Majani yaliyobaki yalikusanywa yakachomwa. Udongo ukapigwa jembe la kina, mabonge yakavunjwavunjwa, kisha yeye mwenyewe akapita na ufagio, tuta kwa tuta, mpaka mistari ya njiti ikaonekana juu ya ardhi. Mawe ya pembeni yakapakwa chokaa. Watu wakaenda zao kwenye mahindi na tumbaku, na bonde likabaki hivyo, tupu na safi, masika nzima, ambayo kule huanza Novemba, mpaka Mei. Wageni wa wilaya walipopita Novemba walisimama wakaangalia, wakasema hawajaona shamba lililopumzishwa kwa adabu namna ile. Siku hizo Shaban alivaa koti.

Matuta manne tu hayakufagiwa, yale ya Koleta. Yeye aliacha mashina yake yamesimama, akatupa nyasi kavu juu ya majani yanayooza, na katikati ya fujo hiyo akamwaga mbegu za uwele, nyingi, bila mstari. Ukimwuliza alisema uwele ni wa kuku. Shaban alitamani kuung'oa mpaka vidole vikamwasha, lakini yule ni mkwe wake, na pembe ile haikuonekana kutoka barabarani. Akajifanya haoni.

Masika nayo ilikuwa na kazi yake moja. Kila Januari maji ya kisima yalitanda ukoga wa kijani, mzito, wa kuteleza. Shaban aliuchota kwa ungo wa zamani na kuumwaga kwenye majani chini ya bonde. Kazi yenyewe ilikuwa chafu na yenye harufu, na aliifanya akipiga mluzi, maana uchafu ukitolewa ni furaha kwa mtu wa namna yake.

Mwaka 1974 kabichi zilianza kugeuka rangi. Kwanza majani ya chini yakawa ya manjano, halafu ya kati. Shaban akaomba mifuko zaidi ya mbolea ya chumvichumvi, akapewa, akamwaga. Mwaka uliofuata hali ikawa mbaya zaidi, na kijiji wakati huo kilikuwa kimejaa, wengine wamekuja kwa hiari na wengine wameletwa kwa malori, midomo mingi inataka mboga. Kabichi ikawa ngumi. Wanawake wa Gongoni wakazigonga kwa vidole wakazirudisha mezani.

Agosti mwaka huo, 1975, kukawa na mkutano wa kijiji. Watu wa tumbaku walikuwa wamelipigia bonde mahesabu siku nyingi, kwa kuwa vitalu vya tumbaku vinataka maji ya karibu. Kashindye akasimama akasema hana ugomvi na mtu, lakini hawezi kulinda kabichi za ukubwa wa ngumi. Atatoa msimu mmoja tu. Mwakani kabichi zikitoka hivi hivi, bonde linakwenda kwenye vitalu, na Ndugu Shaban ataungana na kikundi cha tumbaku kama wengine.

Shaban aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na saba na mgongo ulioanza kulalamika, lakini si mgongo uliomtisha. Bonde lile ndicho kitu pekee pale kijijini ambacho watu wakikitaja walimtaja na yeye. Likiondoka, yeye ni mzee mmoja wa mjini mwenye koti.

Na hofu ilimfanya mjinga, kama inavyotufanya sote. Kwa sababu kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimla siku nyingi: kwenye bonde zima la manjano, matuta manne ya pembeni, kwenye kokoto, mbali na maji, yalikuwa ya kijani kibichi. Basi akasimama pale mkutanoni akasema mbolea ya kijiji haipotei yenyewe. Kuna mkono, akasema, unaoingia kwenye mifuko. Hakutaja jina. Ila alitazama upande wa wanawake, na macho ya watu wote yakafuata ya kwake mpaka yakatua kwa Koleta.

Yule bibi aliinuka taratibu, akakung'uta kanga.

"Unanitafuta mimi, mkwe," akasema. "Kwangu kuna kuku na mtungi, nendeni mkatazame. Kijani chako hakijaibiwa na mtu. Unakichota mwenyewe kisimani kila Januari, unakimwaga majanini."

Watu wakacheka, wakidhani ni maneno ya uzee. Shaban akacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Koleta akachukua fimbo yake akaondoka, na watu wawili waliotumwa kwake siku hiyohiyo walikuta kuku na mtungi.

Kesho yake asubuhi Shaban alikutana naye njiani. Akapisha, akainama kidogo. Shikamoo mama. Koleta alipita. Shaban akajisemea labda hakusikia. Siku ya pili akaamkia kwa sauti zaidi, bibi akapita tena, macho mbele. Siku ya tatu akajua. Sasa wewe unajua shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa mwilini. Tusi ungelijibu, kofi ungelipangusa, lakini ile inabaki mdomoni mwako siku nzima huna pa kuitema.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mwanne hakugomba; angegomba ingekuwa afadhali. Alipika, akapakua, akamwekea mumewe chakula, kisha akachukua sahani yake akaenda kula kwa mama yake mdogo. Maji ya kuoga Shaban alianza kujichemshia. Mkewe alimweleza mara moja tu, kwa upole wa kutisha, kwamba mtu aliyemwita mama yake mwizi mbele ya kijiji asimwulize tena chumvi iko wapi.

Maneno ya kisimani yalimwingia sikioni yakakataa kutoka. Mwanzoni aliyaona ni kejeli. Kisha akaanza kujiuliza mbona ukoga ule haukuwepo mwaka walipofika, ulianza baada ya kufagia mara ya kwanza. Septemba akaja Modest, bwana shamba, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyehudumia vijiji sita kwa baiskeli moja. Shaban akamweleza kama kichekesho: unajua hapa tuna bibi anasema hivi na hivi? Modest hakucheka. Akaenda mpaka kwenye matuta ya Koleta, akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye udongo hadi kifundoni, akanusa. Akarudi kuuliza huyu bibi akishavuna anafanya nini.

Shaban akasema hafanyi kitu, mvivu, anaacha takataka chini ya nyasi kavu na kupanda uwele wa kuku, halafu Machi anaufukia karibu wote. Modest akatabasamu. Akaomba wakae, wakakaa juu ya mawe ya chokaa, naye akaeleza pole pole.

Kabichi, alisema, ni mlaji mkubwa lakini haimalizi sahani. Ukishaikata, chakula kingine kinabaki ardhini, na yale majani na mashina yakioza yanaongeza kingine. Chakula hicho hakionekani na kinayeyuka kwenye maji kama chumvi. Mvua ya kwanza ikikuta ardhi tupu, isiyo na mzizi wa kukinywa, inashuka nacho chini, inateremka nacho bondeni, inatokea nacho kisimani. Huko kinanenepesha ukoga. Kupiga jembe la kina Oktoba ndiko kulikozidisha, kwa sababu udongo uliopinduliwa unatoa chakula chake haraka, na unakitoa wakati hakuna wa kukila. Moto nao umepandisha sehemu yake juu na moshi. Ile mifuko ya chumvichumvi, kilichobaki kimepita njia hiyohiyo. Lakini uwele wa bibi umesimama pale masika nzima, unakunywa kinachobaki, unakiweka kwenye mabua. Zile nyasi kavu zinafanya majani yasioze yote kwa mkupuo. Machi anaukata ungali kijani, anaufukia ndani ya tuta kama Wanyamwezi wa zamani walivyofukia nyasi, na kabichi ikipandwa Mei inakuta chakula mezani.

Shaban akahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo miaka yote mitatu hii," akaanza.

"Miaka mitatu umefagia mbolea," Modest akamalizia.

Aibu iliyomshika siwezi kukupimia. Mtu amejivunia jambo maisha yake yote, jambo zuri, lililosifiwa na wakubwa, halafu anaambiwa ndilo hilo. Alikaa juu ya lile jiwe lake jeupe mpaka Modest akapanda baiskeli akapotea barabarani. Lakini nimpe haki yake: hakubisha. Mtu anayejua kusafisha anajua kuona, na yeye aliona.

Shida ikawa mbegu. Matuta thelathini na sita yanataka uwele mwingi, na pale kijijini mwenye uwele wa kutosha alikuwa mmoja. Shaban alivaa koti, akalivua, akalivaa tena, akaenda. Koleta alikuwa mlangoni anapeta. Shikamoo mama. Kimya, ungo unapanda na kushuka. Shaban akakaa chini kwenye vumbi, yeye ambaye hakuwahi kukaa kwenye vumbi, akaeleza yote aliyoambiwa na Modest, akaomba mbegu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani akatoka na debe limejaa, akaliweka mbele yake.

"Mbegu nakupa, kwa sababu bonde si lako peke yako," akasema. "Lakini ulinitia aibu mbele ya watu. Marahaba yangu utaikuta palepale ulipoiacha."

Shaban alielewa. Akaahidi kwamba mkutano ujao atasema. Mkutano ujao ukafika, akakaa nyuma kabisa, akachunguza vidole vyake vya miguu mpaka watu wakatawanyika. Alijipa sababu: kwanza tuone, huenda Modest amekosea, mtu hawezi kuomba radhi kwa jambo ambalo halijathibitika. Sababu nzuri sana. Kiburi kikitafuta sababu hakikosi.

Oktoba ikafika, na kwa mara ya kwanza Shaban akaacha bonde chafu. Jembe hakulipeleka. Mashina yakabaki yamesimama, nyasi kavu zikatandazwa juu ya majani, uwele ukamwagwa katikati, na kila kaya ikamwagilia matuta yake wiki mbili mpaka mvua ikachukua zamu. Kila mtu alishangaa. Yeye mwenyewe aliteseka. Asubuhi alikwenda kuangalia, akakuta mkono wake umekwisha kuokota jani, akalirudisha lilipokuwa. Mwanne alimwona siku moja akilirudisha, akacheka mpaka akashika mbavu, na ndicho kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu Agosti. Akamletea ufagio akamwambia afagie uani hadi aridhike. Ua ukawa unafagiwa mara tatu kwa siku, kuku wakakosa cha kudonoa.

Mwishoni mwa Novemba zikaja habari kwamba wageni wa mkoa watapita kukagua mashamba. Kashindye alishuka bondeni kutazama kama mawe yamepakwa chokaa, akasimama mdomo wazi. Uwele ulikuwa umefika magotini, mashina yananuka, nyasi zimelala ovyo. Akasema kuna siku tatu, na asubuhi moja inatosha: atatoa watu thelathini na majembe, wang'oe, wachome, wafagie kama kawaida.

Hapo ndipo Shaban alipopimwa. Aliwajua wageni. Aliijua ladha ya sifa zao, na kwa miaka mitatu ndiyo ilikuwa sukari ya chai yake. Akasema hapana. Akasema mwenyekiti akiling'oa bonde leo, asije kumdai kabichi mwakani, na msimu aliopewa ni wake. Kashindye akapandisha sauti ile ya ng'ombe, Shaban akabaki amesimama katikati ya uwele. Mwisho mwenyekiti akasema sawa, ila siku hiyo utasimama hapa wewe mwenyewe na kujibu.

Akasimama, na koti. Mkubwa wa msafara, mtu aliyevaa kaunda suti iliyopigwa pasi vizuri, alitazama huku na huku, akafunika pua, akauliza ni nani msimamizi wa jalala hili. Shaban akajitokeza. Akaeleza habari ya chakula kisichoonekana, akachanganyikiwa alipofika kisimani, akarudi nyuma, akaanza upya. Mkubwa akatazama saa. Akaandika neno moja kwenye daftari lake, na sifa za mwaka huo zikaenda kijiji kingine. Kashindye hakumsemesha Shaban wiki nzima. Ikawa sasa ananyamaziwa na watu wawili, mmoja kwa kusafisha na mwingine kwa kutosafisha.

Januari, katika siku ya manyunyu, alichukua ungo wake wa zamani akashuka kisimani kwenye kazi ya kila mwaka. Akainama, mkono tayari. Ukoga ulikuwepo, uzi mwembamba tu, umeng'ang'ania ukingoni. Katikati maji yalikuwa meupe. Aliona mpaka chini. Aliona kata ya Mwanne, kata ya bati yenye mpini uliofungwa waya, iliyozama mwaka juzi na ikazuliwa kwamba imeibwa na majirani. Shaban alimwita mkewe kwa sauti ambayo Mwanne alidhani mtu ametumbukia. Akaja mbio, akatazama, akakunja kanga akaingia maji ya kiunoni, akaitoa kata yake akacheka peke yake. Juu yao uwele ulikuwa umewapita kimo, mabua manene, majani ya kijani kilichokolea mpaka karibu na weusi. Shaban akautazama uwele, akatazama maji. Alijua sasa, kabla ya kabichi yoyote. Furaha yake ilikuwa kubwa, na ndani ya furaha hiyo palikuwa na mwiba, kwa sababu ile sababu yake nzuri ilikuwa imekwisha.

Machi wakaukata uwele na kuufukia kwenye matuta. Safari hii Koleta alishuka mwenyewe na fimbo yake, akawaonyesha watu namna ya kuulaza, akawagombeza waliouacha ukakomaa mno, akabakiza kipande kidogo kizae mbegu. Aliongea na kila mtu isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alimwamkia kila asubuhi bila kukosa, na kila asubuhi alipitwa.

Agosti 1976 kabichi zilikuwa zimefunga. Sikudanganyi, si zile za mwaka wa kwanza, lakini zilikuwa nzito, zimekaza, za kijani kuanzia tuta la kwanza hadi la arobaini, na mbolea ya mifuko iliyotumika haikufika nusu ya mwaka uliopita. Wanawake wa Gongoni walizigonga kwa vidole, hawakurudisha hata moja. Mkutano ulipokaa, Kashindye alikuja na kabichi kwapani, akaiinua kwa mikono miwili. Akatangaza kwamba watu wa tumbaku watatafutiwa mahali pengine kando ya kijito, na bonde linabaki bustani. Akasema yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba Ndugu Shaban ana akili, jambo ambalo wote walijua ni uongo, na wote wakapiga makofi.

Makofi yalikuwa marefu. Shaban angeweza kuinua mkono, kushukuru na kukaa. Mwanne alimtazama kutoka upande wa wanawake, hakukonyeza, hakutikisa kichwa, alimtazama tu. Shaban akasimama.

"Makofi hayo si yangu," akasema. "Mwaka jana, mahali hapahapa, nilimfanya mama yangu Koleta mwizi. Hakuna aliyeiba. Mbolea ya kijiji niliifagia mimi kwa mkono huu, nikaichota kisimani nikaimwaga. Yeye aliniambia mbele yenu, nikamcheka. Nimekosa, na ninamwomba radhi mbele yenu."

Shaban akavua kofia, akapita katikati ya watu mpaka alipoketi yule bibi kwenye kigoda, akainama zaidi ya kawaida.

"Shikamoo mama."

Koleta alimwacha vile, mgongo umepinda, vifungo vya shaba vinaning'inia, kwa muda uliotosha kila mtu pale aone vizuri. Mwanne alishika kanga yake kwa meno. Kisha bibi akanyoosha mkono, akaondoa jani kavu lililokuwa limenasa kwenye kola ya koti, akalitupa chini.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa kaa, watu wa nyuma hawaoni."

Shaban akakaa palepale chini, miguuni pake, na lile jani hakuliokota.